Grisi ya Ghalani

Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani waliosema hivyo walikuwa wakifikiria mtama ulio ndani ya kihenge, au busara iliyo kichwani mwa mzee. Hawakuwa wakifikiria chuma. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Viktoria tunajua kwamba chuma huoza. Jembe likilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi utalikuta na vumbi jekundu mgongoni. Ndoana iliyosahauliwa ndani ya mtumbwi hukatika kabla haijapata samaki wa pili. Hewa ya ziwa ina unyevu hata jua linapowaka, na unyevu huo hauna subira. Kwa hiyo mtu anayetaka kuweka chuma kwa miaka mingi hana budi kukifunika kwa kitu, na kwa silaha za jeshi kitu hicho ni grisi.

Nimewahi kuiondoa grisi hiyo kwenye bunduki nyingi, na nimewahi kuirudisha. Watu walioandika juu ya vita vya Kagera wameeleza mapigano, majemadari, mizinga na siasa, na ni haki yao. Mimi sikuvuka mto Kagera. Nilichoshika mimi ni matambara. Lakini nimeishi muda wa kutosha kuamini kwamba matambara nayo yana jambo la kutuambia.

Kwanza, msomaji, nikueleze grisi yenyewe. Si ile ya gurudumu la baiskeli, ingawa ni ndugu yake. Hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na ukoo wake ni mmoja na yale mafuta mazito ambayo mama zetu huwapaka watoto baada ya kuwaogesha. Ikiwa mpya ina rangi ya asali na huteleza. Miaka inavyopita, mafuta yake mepesi hupotea hewani, na kinachobaki huwa kizito, cha rangi ya sukari guru, kinachoshika kama ulimbo. Harufu yake haifanani na kitu kingine. Ukishainusa mara moja utaitambua baada ya miaka 40. Kutu huhitaji hewa na maji vikutane juu ya chuma. Grisi huvizuia vyote viwili mlangoni. Siri yake ni hiyo tu, wala hakuna uchawi. Chuma kilichopakwa vizuri na kufungwa katika karatasi ya nta kinaweza kukaa kwenye sanduku miaka 30 na kutoka kama kilivyoingia.

Nilikutana nayo Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba na kuishika ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Mwalimu Nyerere alikuwa amelihutubia taifa tarehe 2 Novemba, na kila aliyekuwa na redio alikuwa na umati wa watu uani kwake. Mwanza ndipo reli ya kati inapofikia ziwa, kwa hiyo tulianza kuona kwa macho yetu mambo ambayo watu wa mikoa mingine waliyasikia tu: magari ya watu binafsi yakichukuliwa kwa kazi ya taifa, mabehewa yakiteremsha askari, na vijana wa mgambo wakiitwa kwa majina.

Mimi nilikuwa mgambo. Mgambo haukuanza na vita hivyo. Mwaka 1971, baada ya Guinea kuvamiwa kutoka baharini mwezi Novemba 1970 na baada ya Amin kuipindua serikali ya Uganda Januari 1971, chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na moja ya mafundisho yake ni kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wote. Basi tangu hapo tulikuwa tukicheza kwata jioni baada ya kazi, mara nyingi tukiwa na bunduki za kuchonga kwa mti. Mimi nilifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Nilikuwa na miaka 21, na bunduki yangu ya mti nilikuwa nimeichonga mwenyewe.

Siku tulipopelekwa uani kwenye masanduku, bunduki za mti zilirundikwa pembeni, na jioni zilipikiwa ugali.

Masanduku yalikuwa ya mbao, yenye maandishi ya Kichina. Jeshi letu la Wananchi liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo katika jeshi la zamani tuliloachiwa na Waingereza, na tangu miaka hiyo China ilikuwa rafiki aliyetupa mafunzo na silaha. Zilizokuwa ndani ni zile ambazo askari wetu huziita SAR. Mrusi aitwaye Simonov ndiye aliyeibuni mwaka 1945. Wachina walianza kuitengeneza kwao mwaka 1956. Ni bunduki ya urefu unaozidi mita moja kidogo, uzito wake unakaribia kilo 4, inabeba risasi 10, na singe yake hukunjwa chini ya mtutu. Lakini siku ile hatukuona bunduki. Tuliona magogo ya rangi ya kahawia, yaliyolala mawili mawili kama samaki waliokaangwa wakaachwa mafuta yao yagande.

Sajini aliyetusimamia alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ndogo. Hakutufokea. Alitutazama tulivyoshangaa, akasema, "Ndugu zangu, hiyo siyo silaha bado. Hiyo ni shehena. Silaha mtaitengeneza ninyi."

Tulifanya kazi siku nne. Mapipa yaliyokatwa nusu yaliwekwa juu ya moto wa kuni na kujazwa maji. Bunduki ilifunguliwa vipande vyake, kila kipande kikaenda njia yake. Vya chuma vilitumbukizwa katika maji yaliyochemka, kwa sababu joto huiyeyusha grisi, nayo huelea juu kama mafuta ya mchuzi. Kisha vilihamishiwa kwenye karai la mafuta ya taa, vikasuguliwa kwa brashi, vikafutwa. Petroli tulikatazwa kabisa, maana moto wa kuni ulikuwa hatua chache tu kutoka tulipokaa. Kutoka kiwandani kwetu yaliletwa magunia ya pamba chafu, ile isiyofaa kusokotwa, nayo ikawa tambara letu. Nilifurahi kuiona. Ilikuwa kama jirani wa nyumbani amekuja kutusaidia.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: chuma kilichosafishwa kwa maji ya moto na mafuta ya taa kimevuliwa nguo zote. Hakina kinga. Kikiachwa hivyo mpaka jioni, kutu huanza usiku uleule. Kwa hiyo mara baada ya kukikausha lazima kipakwe mafuta mepesi ya bunduki, kidogo tu, kama mtu anavyojipaka viganja. Mafuta mengi hushika mchanga. Mafuta machache mno huita kutu. Kati ya hayo mawili ndipo ilipo kazi.

Mbao nayo ina tabia yake. Grisi hunywewa na kitako mpaka ndani. Tulivipanga vitako juani juu ya mabati, navyo vikaanza kutoa jasho. Tulifuta, vikatoa tena. Tulifuta siku ya pili, vikatoa tena. Mwishowe sajini alisema yatosha, jasho lililobaki litatoka vitani. Kijana mmoja wa Ukerewe, mvuvi, ambaye karai tulichangia mimi na yeye, alicheka sana kwa maneno hayo. Miezi mingi baadaye aliniambia kwamba karibu na Masaka, mtutu ulipopata moto, mbao za bunduki yake zililoa kweli mkononi, na harufu ya uani kwetu Mwanza ikampanda puani katikati ya milio.

Lakini sehemu niliyoisafisha kwa hofu kuliko zote ilikuwa ndogo. Ndani ya kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga chemba, mna pini inayoipiga risasi. Katika bunduki zile tulizopewa, pini haikuwa na springi ya kuirudisha. Inacheza huru katika tundu lake. Grisi iliyoganda ndani ya tundu hilo inaweza kuishika pini ikabaki imetokeza mbele. Hapo, chuma kikijifunga, risasi hulipuka kabla kidole hakijagusa kifyatulio, na inayofuata nayo hulipuka, na inayofuata, mpaka magazini iishe. Mtu mwenye bunduki ya namna hiyo ni hatari kwa wenzake kuliko kwa adui. Kwa hiyo sajini alipita kwa kila mmoja wetu, akakichukua kile chuma, akakitikisa karibu na sikio lake. Pini safi hulia kwa sauti ndogo, kama mbegu ndani ya kibuyu kikavu.

"Umeisikia, ndugu?" aliniuliza.

"Nimeisikia, afande."

"Usiniambie mimi. Utakayempa bunduki hii hatakuwa na nafasi ya kuisikiliza."

Ndipo nilipojua kwamba wengi wetu tulikuwa tukisafisha bunduki za watu wengine. Mwisho wa siku ya nne majina yalisomwa. Mvuvi wa Ukerewe alikwenda. Mimi na wengine tulibakizwa kulinda mji, bandari na matangi ya mafuta. Sikuomba kubaki, wala sikuomba kwenda. Wakati ule jina lako lilisomwa nawe ukaitika. Hata hivyo nimefikiri mara nyingi juu ya zile bunduki. Zilipita mikononi mwangu nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila moja niliitikisa karibu na sikio. Majeshi yetu yaliingia Uganda Januari 1979, yakaichukua Masaka Februari, na Kampala tarehe 11 Aprili. Katika njia hiyo yote, ndefu na yenye tope, mtu nisiyemjua alikuwa akifunga chemba na kuamini kwamba pini inacheza. Hakujua jina langu. Aliamini tu kwamba mahali fulani, mtu fulani, hakuwa na haraka.

Naye mtu wa kiwanda cha China aliyeipaka grisi ile mara ya kwanza? Huyo namfikiria pia. Alikuwa na ndoo na brashi. Alipaka ndani ya mtutu, alipaka kwenye tundu la pini, akaifunga karatasi, akaigeukia ya pili. Hakujua kama sanduku lingefunguliwa na mjukuu wake au na mimi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba, atakayefungua, miaka yoyote itakayopita, atakuta chuma hakijaliwa. Sisi watatu, yeye, mimi na yule aliyevuka mto, hatukupata kuonana, lakini tulishikana mikono kwa njia ya kile chuma. Ni ushirika wa ajabu, na sisemi kwamba ulikuwa mzuri. Nasema tu kwamba ulikuwepo.

Vita vilitufikia Mwanza mara moja. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kutupiga mabomu. Ililenga matangi ya mafuta, ikakosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 1964 kilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo, na swala kadhaa walikufa. Watu walicheka mjini, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, wakasema Gaddafi amekuja kuwinda. Mimi nilikuwa na bunduki begani siku ile, safi kabisa, pini yake ikicheza, na ndege ilipita juu kana kwamba nimeshika bua la mtama. Hapo nilijifunza mpaka wa usafi wangu.

Vita vilikwisha katikati ya mwaka 1979. Kisha ikaja kazi ambayo hakuna wimbo ulioimbwa kwa ajili yake: kuzirudisha bunduki ghalani. Niliitwa tena, kwa kuwa nilikwishajulikana kwa matambara. Safari hii hatukuondoa grisi, tuliiweka. Kila bunduki ilifunguliwa, ikasafishwa masizi ya baruti, ikakaushwa, ikachovywa katika pipa la grisi iliyopashwa moto, ikainuliwa na kuachwa ichuruzike.

Bunduki zinazorudi si kama zile zinazokwenda. Zilizokwenda zilifanana kama mayai. Zilizorudi kila moja ilikuwa na uso wake. Moja ilikuwa na kitako kilichopasuka na kufungwa waya wa simu. Nyingine ilikuwa na mistari midogo iliyokatwa kwa kisu, nami sikutaka kujua ni hesabu ya nini. Moja ilichongwa jina la mwanamke, herufi nzurinzuri, kazi ya mtu aliyekuwa na saa nyingi za kungoja. Nilimwuliza sajini kama tulisugue jina lile. Alifikiri kidogo, akasema, "Liache. Grisi italifunika." Basi nikaichovya na jina lake. Sijui kama mwenye kulichonga alirudi kwa mwenye jina. Bunduki ilirudi, hilo ndilo ninalolijua.

Nyingine hazikurudi. Zilizovunjika zilijulikana, na zilizopotea pamoja na watu wake zilijulikana. Lakini katika vita vyovyote hubaki silaha ambazo hazimo katika daftari la yeyote, zilizookotwa njiani, zilizotekwa, zilizofichwa chini ya shehena. Sisi wa kanda ya ziwa tulizisikia baadaye, usiku. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mikanda. Mikanda ikaendelea kufungwa kwa miaka. Sabuni ilikuwa ya foleni, na tulifua nguo kwa majani ya mpapai. Katika dhiki hiyo wizi wa ng'ombe ukaota meno ya chuma. Wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi, waliozoea mwizi mwenye fimbo, sasa walikutana na mwizi mwenye bunduki ya vita. Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipozaliwa Sungusungu, vijiji vizima vikijipanga kwa pinde na mishale ya sumu. Mtu wa mjini anaweza kushangaa kwamba upinde ulikwenda kupambana na bunduki. Lakini upinde ulikuwa na wenyewe mia nzima waliojuana kwa majina, na bunduki ile ilikuwa na mwenyewe mmoja aliyeogopa mchana.

Nimesoma kwamba Marekani na Kanada watu hununua bunduki kama hizi, masalia ya majeshi ya Urusi, Yugoslavia na kwingineko, zikiwa bado na grisi yake, ambayo wao huiita Cosmoline. Za China ziliuzwa huko kwa wingi mpaka Marekani ilipozuia zisiingizwe mwaka 1994. Mtu hutumia siku zake za mapumziko uani kwake kuchemsha maji, kusugua, kuanika kitako juani, kisha huenda kulenga shabaha na kufurahia historia. Siwacheki. Mikono yao inafanya kazi ileile niliyoifanya, na pini huwalilia sikioni vilevile. Tofauti ni kwamba wao huondoa grisi ya vita vya mtu mwingine. Kwetu raia hawezi kununua bunduki ya jeshi kama anunuavyo baiskeli, na ile ya kuwindia ina sheria yake ya mwaka 2015, yenye leseni na masharti. Nchi za ukanda wetu nazo zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kuzihesabu, kuzitia alama na kuziharibu silaha ndogo zilizozagaa. Nilipozisoma habari hizo nilifurahi kuliko nilivyotazamia. Mtu aliyewahi kuzichovya anaelewa kwa nini ni lazima baadhi ziyeyushwe.

Maana jambo hili ndilo linalonifikirisha mpaka leo. Binadamu huchoka. Chuki ya mwaka 1979 imekwisha. Waganda hupita Mwanza na mizigo yao, nasi huenda kwao, na watoto wetu wakisikia jina la Amin huona ni hadithi ya kale. Sajini wetu amekwisha kuzikwa. Mvuvi wa Ukerewe alirudi kwenye nyavu zake, akaona sangara wakijaa ziwani, akaona tena wakipungua, naye sasa ni mzee anayeshikwa mkono kupanda mtumbwi. Sisi sote tumeota kutu kwa namna zetu, na ni vyema. Kutu ya mwanadamu ni sehemu ya msamaha. Lakini bunduki niliyoichovya mwaka ule, ikiwa bado imo katika sanduku lake, haijasamehe kitu wala haijasahau kitu. Haina umri wa kustaafu. Ni changa kama siku ile, na inamngoja yeyote mwenye maji ya moto na siku nne.

Sisemi kwamba tusingezisafisha. Nchi ilikuwa imevamiwa, na bunduki chafu isingemrudisha mtu yeyote wa Kyaka nyumbani kwake. Ninalolisema ni kwamba anayepaka grisi anafanya ahadi kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa, na inafaa ajue hivyo wakati anapoinua brashi. Sajini wetu alijua. Siku ya mwisho, tulipopigilia misumari kifuniko cha sanduku la mwisho, kijana mmoja alimwuliza litafunguliwa lini. Alijifuta mikono kwa pamba, kidole kimoja kimoja, akajibu kwamba kazi yetu ilikuwa kulifunga vizuri. Kazi ya kuhakikisha halifunguliwi ni kubwa zaidi, na haifanywi na mafundi wa grisi.